Afisa hakufungua hata faili langu: viza ya masomo hunyimwa kwa kigezo gani hasa?

#1 Mwandamo

Habari zenu wanajamvi. Nina swali ambalo limeninyima usingizi tangu Jumanne. Nimekubaliwa chuo kwa shahada ya uzamili katika sayansi ya data, mdhamini wangu ni mjomba, ada ya mwaka wa kwanza ipo benki, na fomu nilijaza mwenyewe bila msaada wa wakala. Nchi sitaitaja, kwa sababu nina nia ya kurudi kuomba tena.

Siku ya mahojiano nilibeba faili lenye sehemu kumi na mbili, kila moja na kibandiko chake. Afisa aliniuliza mambo matatu tu: ninakwenda kusoma nini, nani ananilipia, na nilimaliza shahada ya kwanza mwaka gani. Nilipojibu la tatu nikaanza kufungua faili ili nimwonyeshe cheti na matokeo, akanyanyua kiganja na kusema havihitaji. Akachapa kitu kwenye kompyuta kwa muda usiozidi dakika moja, akapitisha pasi yangu chini ya kioo pamoja na karatasi moja, akanitakia siku njema. Karatasi yenyewe ni ya kuchapwa kwa wingi. Haina hata jina langu.

Dai langu ni kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika kabla sijafika dirishani, na yale maswali matatu yalikuwa ya kutimiza utaratibu tu. Mwenye kujua zaidi anisahihishe.

#2 Kalamu ya Risasi

Pole sana, mkuu. Dai lako nalikubali nusu. Sitakisia nchi yako, lakini nitumie mfano wa Marekani, kwa kuwa huko sheria imelisema jambo hili waziwazi. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, katika kifungu 214(b), inamhesabu mwombaji wa viza ya masomo kuwa mtu anayekusudia kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwako tangu unapoingia mlangoni. Afisa halazimiki kukukuta na kosa. Akiwa hajaridhika tu, sheria inamtaka akukatalie, na ndiyo maana karatasi ya kukataliwa inaweza kufanana kwa watu mia.

Ninachokipinga ni kusema kwamba maswali yalikuwa ya kutimiza utaratibu. Fomu yako ilikuwa mbele yake kwenye kompyuta. Anapokuuliza jambo ambalo tayari analisoma, anasikiliza namna unavyolijibu. Kwa hiyo nikuulize: ulimaliza mwaka gani, na tangu hapo umekuwa ukifanya nini?

#3 Mzee wa Foleni

Sehemu kumi na mbili zenye vibandiko! Kijana wangu, ulikwenda kuomba viza au kukata rufaa ya kesi ya ardhi?

#4 Daftari Jekundu

Pamoja na heshima yangu kwa Kalamu ya Risasi, tusifanye kila nchi iwe Marekani. Mimi niliomba Uingereza, na huko maombi mengi huamuliwa kwa karatasi bila mtu kuonana na afisa ana kwa ana, ingawa baadhi huitwa kuhojiwa. Nilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya fedha, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kanuni inataka kiasi kinachohitajika kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Mimi niliweka kiasi kamili, bila ziada hata kidogo, nikijiona mjanja wa hesabu. Siku ya kumi na tisa benki ikakata gharama zake za mwezi. Salio likawa pungufu kwa siku tatu, kiasi ambacho mtu asingekiokota kikianguka barabarani, na maombi yakaishia hapo. Kiwango chenyewe ni pauni 1,334 kwa mwezi kwa anayesoma London, kwa miezi isiyozidi tisa, pamoja na ada ambayo hujalipa. Kwa hiyo mimi naanza na fedha: ziliingia lini kwenye hiyo akaunti?

#5 Nyota ya Saba

Marekebisho madogo kwa #4, asije mtu akapata hasara. Pauni 1,334 ni kiwango cha zamani. Tarehe 2 Januari 2025 kilipanda hadi pauni 1,483 kwa London na 1,136 kwa nje ya London, na Novemba ya mwaka huohuo kikapanda tena. Anayetaka kuomba asome kiwango cha siku anayoomba kwenye tovuti ya serikali yenyewe, asitegemee uzi kama huu.

#6 Mwandamo

Asanteni. Kwa Kalamu ya Risasi: nilimaliza mwaka 2017, shahada ya uhasibu. Tangu hapo nimefanya kazi katika kampuni ya usafirishaji ya mjomba, nikiwa mtunza hesabu. Hayo sikuulizwa.

Kwa Daftari Jekundu: fedha ziko kwenye akaunti ya mjomba, na sehemu kubwa iliingia wiki tano kabla ya mahojiano baada ya kuuza kiwanja. Mkataba wa mauzo ulikuwa ndani ya faili, sehemu ya tano.

#7 Daftari Jekundu

Kiwanja! Mimi naona jibu limepatikana.

#8 Msomi wa Jioni

Nami niliwaza kiwanja, kwa sababu ya yaliyompata kaka yangu alipoomba kibali cha masomo Kanada. Barua ya kukataliwa ilisema tu kwamba afisa hakuridhika kuwa angeondoka nchini baada ya muda wake kwisha. Kwa kutumia sheria yao ya upatikanaji wa taarifa, ambayo inahitaji mtu aliyepo Kanada akuombee, tulipata maelezo ambayo afisa aliandika kwenye mfumo wakati wa kuamua. Yalikuwa mistari minne. Mmoja ulisema kuna kiasi kikubwa kilichoingia karibuni bila maelezo ya chanzo chake. Mwingine ulisema masomo aliyochagua hayaendi na kazi aliyoifanya kwa miaka sita. Barua ilizungumzia kuondoka nchini, na sisi kwa miezi miwili tulikuwa tukitafuta hati za nyumba na mashamba kuthibitisha kwamba angerudi, kumbe kilichomsumbua afisa ni mstari mmoja wa taarifa ya benki.

#9 Bi Takwimu

Ndugu zangu, mnakwenda kasi mno. Someni tena #1. Mleta mada anasema faili halikufunguliwa. Ikiwa halikufunguliwa, afisa aliionaje taarifa ya benki, na aliujuaje mkataba wa kiwanja? Labda kama karatasi hizo zilitumwa kabla kwa njia ya mtandao, jambo ambalo mleta mada hajalisema. Fedha zinaweza kumwangusha mwombaji wa Uingereza au Kanada, ambako karatasi ndizo zinazosomwa, lakini hatuwezi kuchukua sababu ya nchi moja tukamvisha mtu wa nchi nyingine kama koti la kuazima.

#10 Mwandamo

Sikutuma taarifa ya benki kabla. Nilijaza fomu, nikalipa, nikapanga siku. Karatasi zote nilikuwa nazo mkononi.

#11 Kalamu ya Risasi

Bi Takwimu amesema kweli, ila niongeze kitu. Kwa mfano wangu wa Marekani, anayekulipia na kiasi anacholipa vinaonekana kwenye hati ya chuo iitwayo I-20, na fomu ya kuombea viza, DS-160, nayo inauliza nani anakulipia na ana uhusiano gani na wewe. Afisa anaweza kujua habari za mjomba bila kugusa faili. Asichoweza kukijua ni kwa nini mtunza hesabu aliyekaa miaka yote hiyo kwa mjomba wake sasa anataka sayansi ya data, na baada ya hapo atafanya nini. Mleta mada, ulipoulizwa unakwenda kusoma nini, ulijibu kwa maneno gani? Andika kama ulivyosema.

#12 Mwandamo

Nilisema: "Ninakwenda kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya data, ambayo ni fani inayokua kwa kasi duniani na itaniwezesha kuchangia maendeleo ya nchi yangu."

#13 Mzee wa Foleni

Sentensi hiyo naifahamu tangu ikiwa mtoto. Nilipokaa kwenye viti vya kusubiri niliisikia kutoka dirisha la kwanza, nikaisikia dirisha la pili, na nilipofika la kwangu nikajikuta nami ninaisema. Nilinyimwa. Mara ya pili nilimwambia afisa kwamba nimefundisha fizikia shuleni kwa miaka minane bila maabara inayostahili jina hilo, na kwamba kozi ile ina somo la kutengeneza vifaa vya maabara kwa gharama ndogo, nikalitaja somo na muhula wake. Tukaongea kuhusu chemchemi na sumaku mpaka nikasahau kwamba nipo ubalozini. Sidai kwamba ndiyo iliyonipa viza, kwa kuwa safari hiyo nilikuwa pia na ufadhili wa chuo ambao mara ya kwanza sikuwa nao. Nasema tu kwamba yule wa pili alininyanyulia macho.

#14 Mpita Njia

Mimi naamini ni bahati na dirisha. Nawajua mapacha wawili waliokubaliwa chuo kimoja, kozi moja, mdhamini mmoja ambaye ni baba yao, wakahojiwa siku moja. Mmoja alipata, mwingine hakupata. Nielezeni hilo kwa vifungu vyenu vya sheria.

#15 Bi Takwimu

Yule aliyekosa alipata viza alipoomba tena, au hakurudi? Na majibu yao yalifanana, au wewe umeambiwa tu kwamba wao wanafanana? Mapacha hufanana sura, Mpita Njia. Fomu zao hukujaza wewe.

#16 Mpita Njia

Aliomba tena baada ya miezi mitatu akapata, kwa dirisha jingine na majibu yaleyale. Nimemuuliza sasa hivi. Kwa hiyo nabaki na dirisha langu.

#17 Herufi Ndogo

Wanaoteseka na hayo yote waiangalie Ujerumani. Suala la fedha halina mabishano: unafungua akaunti iliyozuiwa, unaweka yuro 11,904 kwa mwaka, na ukishafika unaruhusiwa kutoa yuro 992 kila mwezi. Hakuna anayekuuliza kiwanja kiliuzwa lini. Tatizo kubwa kwangu lilikuwa kupata siku ya miadi, ambayo niliisubiri mpaka muhula wa kwanza ukanipita, chuo kikakubali kunihamishia muhula uliofuata. Na ukinyimwa, unaandika barua ya kupinga bila malipo, ubalozi unalitazama upya suala lako.

#18 Nyota ya Saba

Samahani kwa kuwa mtu wa marekebisho leo. Utaratibu huo wa barua ya kupinga ulifutwa kwa balozi zote za Ujerumani kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Sasa anayenyimwa ana njia mbili: kuomba upya, au kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin. Kuhusu akaunti iliyozuiwa umesema sawa, ila usiwaaminishe watu kwamba fedha zikiwepo yamekwisha. Barua ya kueleza sababu za kuchagua masomo inasomwa, na kozi isiyoendana na ulikotoka italeta maswali hata huko.

#19 Njia Nyeupe

Wakuu, nimewasaidia vijana wengi kupata viza na ninawaambia siri ambayo hamtaipata ubalozini. Mleta mada aangalie sehemu ya fomu inayouliza ndugu walioko nchi hiyo. Ukiwa na ndugu wa karibu huko, afisa anahesabu kwamba hutarudi. Ninaowasimamia huwa ninawaelekeza wasiwataje. Atakayehitaji msaada aje faragha.

#20 Kalamu ya Risasi

Uzi huu usomwe na watu wazima wenye akili timamu, na wasome #19 mara mbili ili wajue jinsi mtu anavyoharibiwa maisha. Kusema uongo kwenye fomu ya viza kuna adhabu ambayo kunyimwa peke yake hakuna. Kanada hukufungia miaka mitano. Uingereza, maombi yakikataliwa kwa udanganyifu, unaweza kufungiwa miaka kumi. Marekani, udanganyifu katika jambo la msingi hukufungia maisha, usipopewa msamaha maalumu. Aliyenyimwa kwa kutoridhisha anaweza kuomba tena. Aliyedanganya anabaki na alama hiyo, wakati wakala amekwisha kubadilisha namba ya simu.

#21 Asiye na Haraka

Naandika kwa mara ya kwanza hapa, baada ya kusoma kimya kwa miaka. Wakala alinijazia fomu mwaka fulani, nikaitia sahihi bila kuisoma. Swali lilikuwa: je, umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote? Nilikuwa nimewahi, nchi nyingine, nikamwambia. Yeye akaweka alama kwenye Hapana, kwa maelezo kwamba nchi hizo mbili haziulizani. Zinaulizana. Sikupata barua ya kunyimwa ya kawaida. Nilipata barua ya kutakiwa kujieleza, kisha ya kufungiwa miaka mitano. Nilikuwa na miaka 24. Kisanduku kile kidogo bado ninakiona.

#22 Njia Nyeupe

Kila mtu ana uzoefu wake.

#23 Mwandamo

Pole sana, Asiye na Haraka. Sasa naomba msinicheke. Kwenye fomu nilimtaja dada yangu. Alikwenda nchi hiyohiyo kwa viza ya masomo mwaka 2019, akamaliza, na yupo mpaka leo.

#24 Mzee wa Foleni

Huyu mleta mada anatupa habari kama anayelisha kuku, punje mojamoja. Jana kiwanja, leo dada. Kesho atatwambia afisa alikuwa shemeji yake.

#25 Daftari Jekundu

Basi naacha kiwanja, nahamia kwa dada. Familia ambayo mtu wa kwanza hakurudi, afisa ana haki ya kujiuliza kuhusu wa pili.

#26 Msomi wa Jioni

Ana haki ya kujiuliza, lakini kubaki si kosa. Dada akiwa amebaki kwa kibali halali, ni ushahidi kwamba familia inafuata taratibu. Kaka yangu niliyemtaja #8 alipoomba mara ya pili alimtaja binamu anayeishi huko kihalali, akaeleza pia chanzo cha zile fedha na sababu ya kubadili fani, akapata. Je, ni kwa sababu ya fedha, ya fani, au ya siku? Hatujui mpaka leo, kwa sababu aliyepewa viza hana barua ya kusoma.

#27 Kanzidata

Naomba nirudishe suala la fani, limepitwa haraka. Australia iliacha kigezo chake cha zamani cha mgeni wa muda, yaani anayekusudia kweli kukaa kwa muda tu, tarehe 23 Machi 2024, ikaweka kigezo cha mwanafunzi wa kweli. Tofauti yake ni kwamba sasa maswali yako ndani ya fomu na kila jibu lina kikomo cha maneno 150: hali yako ya sasa, kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, na itakufaa vipi baadaye. Mtunza hesabu anayetaka sayansi ya data ana hadithi nzuri sana hapo, kwa sababu mizigo, mafuta na safari za magari ya kampuni ni data tupu. Lakini hadithi hiyo mleta mada ametueleza sisi kwa vipande katika machapisho manne, na afisa alipewa "fani inayokua kwa kasi duniani". Afadhali wewe hukulipa ada ya Australia, iliyopanda hadi dola zao 1,600 Julai 2024 na 2,000 Julai 2025, na ukikataliwa hairudi.

#28 Mhuri

Niliwahi kufanya kazi katika kituo cha kupokea maombi ya viza. Sisi tulichukua alama za vidole, picha na karatasi. Hatukuamua lolote, ingawa watu walitubembeleza kana kwamba tunaamua. Nilichokiona ni kwamba faili nene halikumsaidia mtu. Wapo walioleta picha za harusi za wazazi. Karatasi iliyohitajika ilikuwa imefukiwa katikati, na mara nyingine tarehe yake haikulingana na ya kwenye fomu, mwombaji mwenyewe asijue. Mleta mada, fomu yako unayo nakala? Isome kama mtu asiyekujua.

#29 Mpita Njia

Na je, ni kweli kwamba lazima asubiri miezi sita ndipo aombe tena?

#30 Kalamu ya Risasi

Ni maneno ya mtaani. Marekani haina muda wa kusubiri baada ya kunyimwa kwa 214(b). Unalipa ada ya maombi upya na kupanga siku. Ile ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 huilipi tena ukirudi kuomba viza ya aina ileile ndani ya miezi 12. Lakini ukirudi wiki inayofuata na fomu ileile na sentensi ileile, utakuwa umelipia kuisikia "siku njema" mara ya pili.

#31 Mwandamo

Nimeifungua nakala ya fomu kama alivyoshauri Mhuri. Kwenye elimu, tarehe ya kumaliza chuo niliandika Novemba 2018, kwa sababu ndipo yalipofanyika mahafali. Dirishani nilisema 2017, kwa sababu ndipo nilipofanya mtihani wa mwisho. Na kwenye ajira niliandika kwamba nilianza kazi ya kudumu kwa mjomba Januari 2018. Kwa anayesoma fomu, nilikuwa chuoni na kazini kwa wakati mmoja, miezi kumi nzima, halafu mdomo wangu ukasema jingine.

#32 Daftari Jekundu

Ni hilo. Naacha kiwanja na dada, nahamia hapa, na sihami tena.

#33 Bi Takwimu

Utahama. Huenda afisa alilitambua, huenda aliuliza mwaka ili tu kupima pengo la miaka kati ya shahada mbili. Mwaka mmoja wa mahafali ni jambo ambalo mtu anaweza kulieleza kwa sentensi moja, kama angeulizwa.

#34 Kanzidata

Au kama angeachiwa afungue faili. Mkuu Mwandamo, ile karatasi ya matokeo inaonyesha tarehe zote mbili, ya mtihani na ya kutunukiwa?

#35 Mwandamo

Inaonyesha zote mbili, kwenye mstari mmoja.

#36 Mzee wa Foleni

Ilikuwa sehemu ya ngapi?

#37 Mwandamo

Ya tisa.